Funguo za leseni za mitambo ya simu: bei poa ya dalali, hasara ya nani?

UCHAMBUZI

Kampuni ya malori yenye ofisi Mombasa, Malaba na Kampala inataka kuongeza laini 10 za ndani kwenye mtambo wake wa simu. Mtambo upo, simu za mezani zipo, waya zimeshavutwa. Fundi anasema kinachokosekana ni kitu kimoja tu: leseni. Wakala rasmi wa mtengenezaji analeta ankara ya awali. Siku hiyo hiyo dalali mmoja aliyeko Dubai anatuma ujumbe kwa WhatsApp: leseni zilezile, chini ya nusu ya bei, ufunguo utatumwa kwa barua pepe kabla ya jua kuzama. Sharti lake ni malipo kwanza.

Huu ni mfano tu, lakini wasomaji wetu wengi watautambua. Mitambo ya simu za ofisi, ile ambayo mafundi huiita PABX, ilienea katika ofisi za mawakala wa forodha, maghala na kampuni za usafirishaji wa kanda hii miaka ambayo biashara ya mipakani ilikuwa ikikua. Mingi kati yake bado inafanya kazi. Wenye mitambo hiyo sasa wanagundua kwamba chuma walikinunua mara moja, lakini leseni zinaendelea kuwadai.

Je, dalali huyo ni mwokozi au ni mtego? Jibu linategemea jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabla ya kutuma fedha: jina la nani limeandikwa kwenye daftari la mtengenezaji?

Unachonunua ni nini hasa

Anayenunua lori la mtumba kutoka Japani anajua kwamba hanunui injini na bodi pekee. Ananunua pia namba ya chesesi na karatasi zinazooana nayo. Lori zuri lisilo na kadi ni mzigo. Halisajiliki, halikatiwi bima, na siku likikamatwa mizani hakuna wa kulitetea.

Ufunguo wa leseni wa mtambo wa simu unafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mtengenezaji huuza mtambo ukiwa na uwezo mkubwa ndani yake, halafu huufunga. Kila unachotaka kukitumia, iwe ni simu za intaneti, sanduku la ujumbe wa sauti, kurekodi mazungumzo au laini za ziada, hufunguliwa kwa msimbo uliotengenezwa kwa ajili ya mtambo huo peke yake. Msimbo huo umefungwa kwenye namba ya utambulisho ya chuma.

Kila kampuni ina mtindo wake. Kwenye mitambo ya Avaya IP Office, leseni hufungwa kwenye namba ya ufunguo wa chuma. Zamani ufunguo huo ulikuwa kifaa kidogo cha kuchomeka, na baadaye, kwenye mtambo wa IP500 V2, ukawa kadi ya SD inayokaa ndani ya mtambo. Kwenye mitambo ya Panasonic ya familia za KX-NCP na KX-NS, leseni hufuata namba ya utambulisho ya kadi kuu ya mtambo. Siemens nao, kwenye HiPath 3000, walitumia anwani ya mtandao ya kadi kuu.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Ufunguo uliotengenezwa kwa mtambo wa ghala la Jebel Ali hautafungua mtambo wa ghala la Kurasini, hata kama mitambo hiyo ni pacha. Anayekuuzia ufunguo bila kukuuliza namba ya mtambo wako anakuuzia kitu cha mtu mwingine, au hakuuzii kitu chochote.

Kwa nini soko la pembeni limestawi

Lawama zote haziwezi kubebeshwa madalali. Watengenezaji wenyewe wamechangia kuwasukuma wateja huko.

Kampuni ya Nortel ya Kanada, ambayo mitambo yake ya Meridian na Norstar ilikuwa na sifa duniani kote, iliomba kinga ya mufilisi Januari 2009, na kitengo chake cha mitambo ya ofisi kikanunuliwa na Avaya mwishoni mwa mwaka huo. Avaya yenyewe ikaomba kinga ya mufilisi Marekani mwaka 2017, na tena mwaka 2023. Toshiba ilijitoa katika biashara ya mitambo ya simu mwaka 2017 na kuwaachia Mitel kazi ya kuwahudumia wateja wake. Mitel ikainunua Unify, mrithi wa mitambo ya Siemens, mwaka 2023, kisha nayo ikaomba kinga ya mufilisi Machi 2025. Panasonic ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaachana na biashara hii.

Mwenye ofisi ya mizigo hapa kwetu huona matokeo tu. Wakala aliyemfungia mtambo amefunga duka au amehamia bidhaa nyingine. Leseni za toleo la zamani hazipo tena kwenye orodha ya bei. Anaambiwa anunue mtambo mpya mzima, pamoja na simu mpya za mezani, ilhali anachotaka ni laini 10.

Kwa lugha ya uchumi, mteja huyo amenaswa na gharama za kuhama. Ameshawekeza kwenye simu, waya, mafunzo ya wafanyakazi na namba ambazo wateja wamezizoea. Mtengenezaji anajua hivyo na anaweka bei ya leseni akijua hivyo. Pengo kati ya bei hiyo na kile ambacho mteja yuko tayari kulipa ndilo shamba la dalali.

Kesi ya Marekani iliyowafumbua macho wengi

Anayedhani bei ya kutupa haina maelezo nyuma yake aitazame kesi iliyofikishwa mahakamani katika jimbo la Oklahoma, Marekani, mwaka 2022.

Waendesha mashtaka walieleza kwamba mtu aliyekuwa akifanya kazi kitengo cha huduma kwa wateja cha Avaya alitumia mamlaka yake ya msimamizi wa mfumo kutengeneza makumi ya maelfu ya funguo za leseni za IP Office bila idhini. Alitumia pia akaunti za wafanyakazi waliokwisha kuondoka. Funguo hizo aliziuza kwa wafanyabiashara wa kati, mmoja wao akiwa New Jersey, nao wakaziuza kwa wauzaji na watumiaji sehemu mbalimbali za dunia kwa bei iliyo chini sana ya bei ya jumla. Mkewe ndiye aliyeshughulikia upande wa fedha. Thamani ya leseni hizo kwa bei ya rejareja ilikadiriwa kufikia dola milioni 88. Washtakiwa wakuu walikiri makosa mwaka 2023.

Kesi hii ina mafunzo mawili kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki.

La kwanza, funguo zile hazikuwa feki kwa maana tuliyoizoea Kariakoo au Luthuli. Zilitengenezwa kwa mfumo halisi wa mtengenezaji. Mtambo ulizikubali bila kusita. Kwa hiyo hoja ya dalali kwamba "lipia, jaribu, ukiona unafungua ujue ni halali" haina uzito. Kufungua ni jambo moja na uhalali ni jambo lingine.

La pili, mlolongo wa wauzaji ulikuwa mrefu. Mnunuzi wa mwisho hakumjua aliyetengeneza ufunguo. Alimjua fundi wake tu, na fundi alimjua dalali wake tu. Ni mlolongo uleule wa bidhaa za magendo: kila mmoja anamjua aliye mbele yake hatua moja.

Mtumba halali upo

Hata hivyo, si haki kuwaweka wauzaji wote wa pembeni kapu moja. Wapo wanaouza mitambo iliyotumika pamoja na leseni zake kwa njia halali kabisa. Kampuni ya Ulaya inapohamia mfumo mwingine, mtambo wake wa zamani hununuliwa, husafishwa, hupimwa na kuuzwa. Mingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu.

Katika Umoja wa Ulaya, mahakama ya juu ya umoja huo iliamua Julai 2012, katika shauri kati ya Oracle na kampuni ya Kijerumani ya UsedSoft, kwamba mwenye leseni ya programu aliyoinunua moja kwa moja, bila ukomo wa muda, anaweza kuiuza tena, ilimradi yeye mwenyewe aache kuitumia. Uamuzi huo uliipa nguvu biashara ya leseni za mtumba Ulaya.

Wauzaji wengine huutaja uamuzi huo kwa wateja wa Nairobi, Dar es Salaam au Kigali kana kwamba ni sheria ya huku. Sivyo. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Huku kwetu mnunuzi anabanwa na mkataba wa mtengenezaji na sheria za hakimiliki za nchi yake: Tanzania ni sheria ya mwaka 1999, Kenya ya 2001, Uganda ya 2006. Mikataba mingi ya leseni hairuhusu kuhamisha leseni bila kibali cha mtengenezaji au wakala wake.

Njia ya mtumba yenye usalama zaidi, kwa hiyo, ni kununua mtambo mzima ukiwa na kadi yake na leseni zake ndani, pamoja na hati ya mauzo inayotaja namba ya chuma. Hapo leseni haijatenganishwa na chuma chake, na kazi inayobaki ni kuandikisha mabadiliko ya mwenye mali. Kununua ufunguo mtupu ulioandikwa kwenye barua pepe ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Hesabu ya msafirishaji

Tuweke tarakimu za mfano ili hesabu ieleweke. Tuseme wakala rasmi anataka dola 1,500 kwa leseni za laini 10, na dalali anataka dola 600. Mnunuzi ameokoa dola 900. Kwenye karatasi ni biashara nzuri.

Sasa tuseme miezi minane baadaye kadi kuu inaungua kwa umeme uliokatika na kurudi kwa nguvu, jambo la kawaida katika miji yetu ya mipakani. Mwenye leseni halali anapeleka namba ya kadi ya zamani na ya mpya, na leseni zinaandikwa upya. Mwenye ufunguo wa dalali hana pa kupeleka. Kwenye daftari la mtengenezaji hayupo. Dalali naye amebadilisha namba ya simu. Laini 10 zinanunuliwa upya kwa dola 1,500, na ule msamaha wa dola 900 umegeuka kuwa hasara ya dola 600.

Hapo bado hatujahesabu kazi iliyosimama. Msomaji atasema: madereva wana simu za mkononi, ofisi ikizimika tutapigiana huko. Ni kweli kwa madereva. Lakini namba iliyo kwenye hati za mizigo, kwenye mlango wa lori na kwa mteja wa Bujumbura au Goma ni ya ofisi. Lori likikwama mpakani kwa sababu ya hati moja na ofisi haipatikani, siku moja inapotea. Ukiweka kwa mfano dola 250 kwa kila lori kwa siku, malori manne yakilala siku moja tu ni dola 1,000.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Kurekodi mazungumzo ni moja ya huduma zinazofunguliwa kwa leseni. Mteja akikana kwamba aliagiza mzigo ushushwe ghala fulani, rekodi ya simu ndiyo shahidi. Leseni ikikataliwa na mtambo, shahidi huyo ametoweka kimya kimya, na hutajua mpaka siku ya ugomvi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa asubuhi nzima katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha ambako fundi alikuwa amesasisha programu ya mtambo usiku uliotangulia. Simu za zamani za waya ziliendelea kulia. Zile za intaneti, zilizoongezwa kwa ufunguo wa mtu wa pembeni, zote zilikuwa kimya, kwa sababu toleo jipya lilidai leseni ya aina nyingine. Mhasibu alikuwa akikimbia kati ya meza na meza kupokea simu za wenzake. Hakuna aliyekuwa na karatasi yoyote ya kumdai muuzaji. Rahisi, wahenga walisema, huvunja upishi.

Kodi haiishii forodhani

Wanunuzi wengi hudhani kwamba kitu kilichokuja kwa barua pepe hakina kodi kwa kuwa hakikupita mpakani. Hilo ni kosa.

Malipo kwa mtu wa nje kwa ajili ya matumizi ya programu yanaweza kuhesabiwa kuwa mrabaha, na mlipaji akatakiwa kuzuia kodi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2021, katika shauri la Seven Seas Technologies, kwamba kununua programu kwa ajili ya kumuuzia mteja si lazima iwe malipo ya mrabaha. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024 ikaja na kuitaja programu waziwazi ndani ya tafsiri ya mrabaha. Huduma zinazoagizwa kutoka nje zinaweza pia kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani.

Aliyelipa dola 600 kwa mtu asiyetoa ankara yenye jina na anwani anabaki na matatizo mawili wakati wa ukaguzi. Hawezi kuthibitisha matumizi hayo kwenye vitabu vyake, na anaweza kudaiwa kodi ambayo hakuizuia. Ni vyema kumuuliza mshauri wako wa kodi kabla ya kulipa.

Kwa wanaoleta chuma chenyewe, mtambo au kadi, kuna suala la idhini ya aina ya kifaa. TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda na RURA kwa Rwanda ndizo za kuulizwa mapema. Kadi iliyofichwa kwenye begi la abiria haina hati ya forodha, na isiyo na hati haina pa kudaiwa ikiharibika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma arbuni

Kwanza, ameuliza namba ya chuma chako? Asiyeuliza, achana naye. Mpe namba hiyo, na ankara iitaje neno kwa neno.

Pili, leseni itaandikishwa kwa jina la nani? Jibu la kuridhisha ni jina la kampuni yako. Omba kuona uthibitisho kutoka mfumo wa mtengenezaji, si picha iliyopigwa kwenye simu ya dalali.

Tatu, kama ni ya mtumba, nani alikuwa mwenye mali wa kwanza, na ameacha kuitumia? Hati ya mauzo inapaswa kuonyesha mlolongo huo.

Nne, leseni ni ya toleo gani la programu? Ufunguo wa toleo la zamani unaweza kukataliwa siku fundi atakaposasisha mtambo.

Tano, kadi ikiungua nani ataandika upya, kwa siku ngapi, kwa bei gani? Jibu hilo liwe kwenye maandishi.

Sita, malipo yatapitia wapi? Akaunti ya benki ya kampuni inayolingana na jina kwenye ankara ni dalili njema. Kutuma kwa jina la mtu binafsi nchi nyingine ni dalili mbaya. Pale inapowezekana, lipa sehemu, na iliyobaki ulipe baada ya kuona uandikishaji.

Na la saba linamhusu mnunuzi mwenyewe: nani mwingine ana nenosiri la mtambo wako? Muuzaji wa pembeni mara nyingi huomba kuingia kwa mbali ili aweke ufunguo. Akimaliza, badilisha nenosiri siku hiyo hiyo. Mtambo ulioachwa wazi hutumiwa usiku kupiga simu za kimataifa, na bili humfuata mwenye mtambo.

Njia ya kuachana na funguo

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuhama. Asterisk, programu huria iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, haidai leseni kwa kila laini, na juu yake zimejengwa nyingine kama FreePBX. Grandstream ya Marekani huuza mitambo midogo ya UCM isiyodai leseni kwa kila simu. Kwa ofisi yenye laini chache na simu za zamani zilizochoka, hesabu ya miaka mitano mara nyingi huangukia upande huu.

Lakini kusiwe na udanganyifu hapa pia. Programu huria haina bili ya leseni, ila ina bili ya fundi. Novemba 2020 watafiti wa kampuni ya Check Point walieleza jinsi wahalifu walivyotumia kasoro ya FreePBX kuvamia mitambo ya karibu kampuni 1,200 duniani na kuitumia kupiga simu za kulipia. Waliokuwa wamesasisha programu zao kwa wakati walikuwa salama dhidi ya kasoro hiyo. Asiye na fundi wa kudumu asidhani ameepuka gharama. Amehamisha tu mahali pa kuilipia.

Nani alipe nini

Ushauri wetu unategemea hali ya mtambo. Kama wakala rasmi bado yupo na unatarajia kuutumia mtambo wako miaka mitatu au zaidi, nunua leseni kwake na umbane kwa bei. Wakala anayejua kwamba una njia nyingine hushuka. Kama mtengenezaji amejitoa sokoni, usiweke fedha mpya kwenye funguo. Tafuta mtambo wa mtumba wenye leseni zake kamili uwe wa akiba, huku ukijiandaa kuhama. Kama mtambo ni mdogo na umechoka, hama sasa, kabla kadi haijaungua na kukuchagulia siku.

Kwa dalali wa ufunguo mtupu, kipimo ni kilekile cha lori la mtumba. Hakuna msafirishaji wa kanda hii anayelipia lori lisilo na kadi eti kwa sababu linawaka. Mtambo wa simu nao unastahili kuulizwa karatasi zake.